Dawa ya Mia

Ukisimama kidogo kando ya dirisha la duka la dawa mjini Lodwar, Turkana, utasikia ombi moja likirudiwa kwa sauti tofauti: "Daktari, nipe ya mia." Dawa haijatajwa, wala ugonjwa. Anayeitwa daktari huenda ni kijana wa kuuza tu, lakini cheo amevishwa kwa heshima na haoni sababu ya kukivua. "Inauma wapi, mama?" anauliza. Mama anagusa kiuno, kisha goti, kisha paji la uso. Tembe zinamiminwa kwenye kisahani, zinahesabiwa mbili mbili, zinatiwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki, na kalamu inaandika juu yake: 1×3. Mama anafunga bahasha katika pindo la shuka na kuondoka.

Ombi hilo ni fupi lakini limekamilika. Nomino imeondoka, kiunganifu "ya" kimebaki, na kila aliye karibu anajua ni dawa gani iliyoachwa nje: ile ya maumivu. Kilichobaki ni bei. Mfamasia hupima dozi kwa miligramu na kwa siku. Dirishani dozi hupimwa kwa shilingi. Mwenye kununua ya hamsini haumwi nusu ya mwenye kununua ya mia. Ni mfuko wake uliopungukiwa.

Ofisini jambo hilihili lina jina jingine. Mabango, hotuba na ripoti huliita "matumizi mabaya ya dawa". Ukiyaweka majina haya mawili pamoja, la mtaani linataja fedha na la ofisini linataja tabia. Nimeishi na maneno kwa muda wa kutosha kujua kwamba jina likishabandikwa huanza kutafuta mkosaji. "Ya mia" haimtafuti mtu. "Matumizi mabaya" lazima yawe na mtumiaji mbaya. Kwa hiyo inafaa tuyakague maneno ya dawa na ya dharura, moja baada ya jingine, tuone yanamtwika nani mzigo.

Tuanze na dawa yenyewe. Kule Kakuma, humo humo Turkana, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992 wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa maelfu, neno hili halihitaji mkalimani. Mswahili husema dawa, Msomali husema daawo, na msemaji wa Kiarabu cha Juba husema dawa vilevile. Wote wamelichota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Tembe nayo ina ukoo wake. Kwa Msomali ni kaniini, kwa Mrundi ni ikinini, na majina yote mawili yametokana na kwinini, dawa ya malaria iliyozoeleka hata jina lake likawa jina la kila kidonge. Mtu anaweza kutoka Bujumbura na mwingine Kismayu, wakakutana kwenye foleni moja Kakuma, na kila mmoja akaomba kwinini kwa lugha yake huku akitaka dawa ya jino.

Kiswahili chenyewe kimelipa neno dawa kazi nyingi mno. Dawa ya kikohozi huondoa kikohozi na dawa ya panya huondoa panya, lakini dawa ya meno haiondoi meno, na dawa ya viatu haina ugonjwa wowote inaoutibu. Hirizi ni dawa. Kinachotiwa katika pombe ya msafiri ili aibiwe ni dawa pia, ingawa mtaani Wakenya hukiita mchele. Ukitaka kuzungumzia heroini utasema dawa za kulevya, na kitambulisho pekee ni hicho kivumishi cha mkiani. Waliotunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 1957 kusimamia biashara ya dawa nchini Kenya waliliona tatizo: walitaja famasia na sumu katika jina moja, na hadi leo msimamizi wake ni Bodi ya Famasia na Sumu. Ni jina la kweli kuliko maandishi ya bahasha, kwa kuwa kitu kimoja kinaweza kuwa hiki au kile, na kinachoamua ni kipimo.

Neno mihadarati limebeba siri ya namna hiyo. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ganzi. Kabla halijawa neno la polisi lilikuwa na maana ya vitu vinavyotia ganzi, yaani kazi ileile anayoifanya daktari wa meno kwa sindano yake. Nusukaputi nalo, jina la usingizi wa chumba cha upasuaji, wengi hulihusisha na neno la Kijerumani la kitu kilichoharibika kabisa. Mgonjwa aliyelazwa hivyo amekufa nusu. Lugha yetu imejua tangu zamani kwamba kuondoa maumivu na kuondoa fahamu ni majirani wa ukuta mmoja.

Hata hivyo, neno ninalolipenda zaidi katika duka lote la dawa ni kutuliza. Kiswahili hakiui maumivu. Maumivu huuma, na kinachouma hutulizwa, kama anavyotulizwa mtoto anayelia. Anayetulizwa bado yupo, na kilichomliza huenda bado kipo. Istilahi "dawa ya kutuliza maumivu" kwa hiyo imebeba onyo lake ndani: imetuliza, haijatibu. Ni vigumu kupata jina la dawa lenye uaminifu kiasi hicho. Wafanyabiashara walilijua hilo, huenda ndiyo maana si rahisi kukuta rafuni dawa iliyopewa jina la Tuliza. Utakuta Mara Moja, jina la tembe zinazojulikana kote Kenya, linaloahidi kasi na kunyamazia mengine yote.

Na mengine hayo si machache. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtaani ni Diklo na Brufen, hutuliza kwa kuzuia kemikali ambazo mwili hutumia kuleta uvimbe na maumivu. Kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na husaidia damu kufika kwenye figo. Ukizizima kwa wiki kadhaa, tumbo huweza kupata vidonda. Ukizizima mwilini mwa mtu aliyepungukiwa na maji, figo huweza kulemewa. Sasa mfikirie mchungaji wa Turkana, katika nchi ambayo mchana joto hukaribia digrii 40 na maji hufuatwa mwendo wa saa kadhaa, anayemeza Diklo kila asubuhi ili mgongo umruhusu kutembea. Hajavunja sheria yoyote anayoijua. Ametuliza.

Kuna nyoka pia. Katika maeneo makavu ya Turkana yupo nyoka mdogo wa mchangani ambaye sumu yake huifanya damu ishindwe kuganda. Aliyeumwa naye huhisi maumivu makali, na jambo la kwanza linalokuja akilini ni dawa ya maumivu iliyobaki katika pindo la shuka. Ikiwa ni aspirini au Diklo, inaongeza hatari ya kuvuja damu, yaani inaisaidia sumu. Kiswahili kina kitenzi kimoja cha nyoka na cha jino, kuuma, na hapo ndipo kinapomponza mtu: anayeumwa na nyoka na anayeumwa na jino wanaonekana kana kwamba wanahitaji bahasha moja.

Tuisome bahasha hiyo sasa. 1×3, moja mara tatu. Watanzania husema kwa uzuri zaidi, kutwa mara tatu. Hesabu hiyo inadhani siku ina milo mitatu ya kuifunga. Chini yake, kalamu ikiwa na subira, huongezwa maneno matatu: baada ya kula. Sijui maagizo ya hospitali yaliyo magumu kuliko hayo katika sehemu hizi. Wakati wa ukame mrefu wa miaka ya 2020 hadi 2023 familia nyingi za wafugaji zilikuwa na mlo mmoja wa siku, na haukuwa wa hakika. Kakuma, ambako chakula huitwa mgao na ambako fedha ya simu ya kununulia chakula iliitwa Bamba Chakula, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao sana mwaka 2025 baada ya wafadhili kupunguza misaada. Mtu anayekula mara moja, usiku, akiambiwa ameze mara tatu baada ya kula, ana njia mbili: ameze moja tu na maumivu yaendelee, au ameze tatu juu ya tumbo tupu na apate vidonda. Ripoti itaziita njia zote mbili matumizi mabaya.

Na cheti je? Sheria ya Kenya, kama ya majirani wengi, inatenganisha dawa zinazouzwa kwa yeyote na zile za kuandikiwa na daktari. Watanzania wamelipa jambo hili msamiati ambao nauonea wivu: dawa baridi na dawa moto. Duka la dawa baridi lilikusudiwa kuuza zile zisizohitaji cheti. Dawa moto ni za famasi kamili. Maneno hayo hayahitaji kusoma. Hata asiyejua herufi anajua kwamba cha moto hakishikwi ovyo. Tulioko Kenya tumebaki na "dawa za maagizo ya daktari", istilahi ndefu inayodhani kwamba daktari yupo, ameonana na mgonjwa, na ameagiza.

Dawa moto mojawapo inayozungumzwa sana Afrika leo ni tramadoli. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977. Ni ya jamii ya afyuni, ingawa ni hafifu kuliko mofini, na haijawahi kuwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaosimamia mofini na kodeini. Kwa sababu hiyo imesafiri kwa wepesi kuliko dada zake. Katika Afrika Magharibi imekuwa msiba: vijana wa boda boda, wachimba migodi na wabeba mizigo humeza vidonge vyenye nguvu kupita vile vya hospitali ili waweze kuhimili kazi, na wengine huishia kwenye degedege. Ni vyema kutazama walioanza nayo. Wengi hawakuanza kwa kutafuta starehe. Walitafuta mwili wa kufanyia kazi.

Mmoja wao akishanaswa na dawa, Kiswahili kina majina mawili ya kumpa. La kwanza ni mraibu. Katika kamusi za zamani, uraibu ulikuwa tambuu pamoja na viungo vyake, popoo, chokaa na tumbaku, vitu ambavyo mwenyeji wa pwani alimwekea mgeni kwa heshima. Neno la ukarimu limegeuka kuwa neno la ugonjwa, na bado lina upole fulani ndani yake. La pili ni teja, lililotoka mtaani pwani, na hilo halina upole. Chimbuko lake ni mteja. Mteja katika kamusi ni mnunuzi wa duka fulani, na pia ni mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Kiswahili cha kale hakikuona tofauti kubwa kati ya wawili hao, maana wote humrudia mtu yuleyule wakiwa na fedha mkononi. Mama wa dirishani Lodwar ni mteja kwa maana zote mbili. Kinachotisha ni jinsi silabi moja tu ya mwanzo inavyomtenganisha na maana ya tatu.

Kwa nini basi asiende hospitali? Hapa tunaingia katika neno dharura, nalo lina nyuso mbili. Ofisini, "nimepata dharura" ni udhuru wa heshima wa kutohudhuria kikao. Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, ni haki: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza nguvu. Ilisema kwamba matibabu hayo huanza kabla ya hospitali, huhusisha kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuzorota, na kumpangia rufaa pale uwezo unapokosekana. Hospitali yenye uwezo inayokataa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Sheria hiyo ilikuja miaka miwili baada ya mwanamume mmoja aliyegongwa na gari Nairobi kukaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 hivi, mwezi Oktoba 2015, akizungushwa hospitali hadi hospitali akitafutiwa kitanda cha mahututi. Alifariki. Hiyo ilikuwa Nairobi, penye hospitali kila upande.

Turkana ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 68,000, yenye watu 926,976 kwa sensa ya mwaka 2019. Dharura ya sheria huanza langoni mwa hospitali au mlangoni mwa ambulensi. Dharura ya mfugaji huanza kwenye awi, boma lake, ambako hakuna lango wala barabara. Kutoka hapo ni kwa miguu, au kwa pikipiki ya kukodi, hadi zahanati. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi, na kutoka Lodwar hadi Eldoret, iliko hospitali kuu ya rufaa ya upande huu wa nchi, ni zaidi ya 350. Na jamaa wa wagonjwa katika sehemu nyingi za Kenya wamewahi kuyasikia maneno haya: gari lipo, mafuta hayapo.

Neno rufaa linastahili kutazamwa kidogo. Tunalitumia mahakamani na hospitalini bila kulibadilisha, na maana yake ni kupandisha. Aliyeshindwa kesi hukata rufaa kwa hiari yake, na huko juu anaweza kushinda. Mgonjwa hakati, hupewa. Akiambiwa zahanatini kwamba amepewa rufaa ya Lodwar, familia husikia hukumu na gharama kwa pamoja: nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, chakula cha msindikizaji, mahali pa kulala, na mbuzi wa kuuzwa haraka. Mbuzi wa haraka hauzwi kwa bei yake, kwani mnunuzi sokoni hutambua upesi nani ana mgonjwa nyumbani.

Bima ilikusudiwa kuondoa soko hilo. Tangu Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hulipa kulingana na uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, lakini aliambiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Kwa lugha ya dirishani, hiyo ni bahasha 36 za mia, zinazotakiwa siku moja na mtu ambaye leo haumwi. Serikali yenyewe ilitambua ugumu huo, na mwaka 2025 ikaleta mpango wa kulipa kidogo kidogo, Lipa SHA Pole Pole. Jina zuri, ila "pole" kwa Kiswahili ni pia neno la kumwambia mgonjwa.

Hata mwenye bima, au mkimbizi anayetibiwa bure kambini, anajua neno jingine fupi: nje. Ameonwa na kuandikiwa, kisha akaambiwa, "Hiyo utanunua nje." Hapo cheti hugeuka orodha ya dukani. Anarudi kwenye lile dirisha, anakionyesha cheti, anatajiwa bei ya vitu vinne, anatazama alichonacho, na kusema, "Basi nipe tu ile ya maumivu." Maagizo ya daktari yamepita kwenye chujio la mfuko, na kilichobaki ni kutuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini huyu hakuficha. Alikwenda akayasema, akaandikiwa.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kukaza kamba: famasi zisizo na leseni zifungwe, na dawa moto zifungiwe kabatini. Leseni ni lazima, sibishani. Lakini tumewahi kuona kamba ikikazwa mahali pasipotakiwa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini Kenya, ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Watoto wenye saratani walilia kwa sababu dawa ilihofiwa. Uganda ilichagua njia nyingine: tangu kuanzishwa kwa Hospice Africa Uganda mwaka 1993 mofini ya maji imekuwa ikichanganywa humo nchini kwa bei nafuu, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuiandika. Hofu ya matumizi mabaya haikuwazuia kutuliza. Waliweka mtu mwenye ujuzi karibu na mgonjwa, na hilo ndilo lililowalinda wote.

Turkana haikosi kumbukumbu ya jambo hili. Huko Lokichoggio, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding kuanzia 1987 hadi 2006, ikipokea kwa ndege majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan. Mtu alitolewa risasi mguuni, akalazwa nusukaputi, akatulizwa, akafundishwa kutembea upya, na hakuna aliyemuuliza ana mia au hamsini. Dharura ilikuwa na maana yake kamili wakati huo, kwa kuwa ilikuwa imelipiwa.

Sipendekezi tuyafute maneno ya ofisini. Napendekeza kila moja lirudishwe kwenye kazi yake. "Matumizi holela" yawe ya anayeuza bila kuuliza. "Uraibu" uwe jina la ugonjwa unaotibika, na "teja" aachiwe mtaa. "Dawa baridi" na "dawa moto" tuwaazime Watanzania, tuyaandike kwa rangi mbili juu ya bahasha, na wasemaji wa Kiturkana, Kisomali na Kiarabu cha Juba watafute wenyewe maneno ya lugha zao yenye nguvu ileile, wakiketi na wauguzi. "Baada ya kula" isiandikwe kabla ya kuuliza mtu anakula lini. Na "matumizi mabaya" yabaki kwa pale tu ambapo mtu alikuwa na njia bora na akaiacha. Ripoti itakayoyataja huko Turkana bila kutaja nauli ya kutoka Kakuma hadi Lodwar itakuwa imetoa nusu ya dozi.